Mwenyekiti na Kahawa ya Kutafuna

Mwenyekiti hakula chakula cha mchana peke yake hata siku moja, na hakumwacha mwanachama yeyote ale peke yake. Kengele ikilia pale kiwandani, sisi wachambuaji tulitoka na vyombo vyetu, kila mtu na alichofunga nyumbani kwake, na kabla hujakaa vizuri mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye bakuli lako. Ndizi zako, maharage ya mwenzako, dagaa wa yule pale, vyote alivimwaga kwenye sinia moja kubwa la bati. Aliyekuja na nyama aliila na wote. Aliyekuja mikono mitupu alikula pia, na ilikuwa vigumu kujua ni nani aliyekuja mikono mitupu, maana vyombo vyote vilikuwa vimeshamwagwa. Mimi napenda chakula changu kiwe changu, kwa hiyo jambo lile lilinichoma kwa miaka. Kuna asubuhi nilikula ndizi zote nyumbani kwa hasira ili nisimpe, halafu mchana nikalishwa za wenzangu kwa aibu.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kukoboa kahawa, hapa hapa Bukoba. Jina lake nitaliacha. Mashine zilikoboa na kupanga, lakini kahawa ilipotoka kwenye mashine ilikuja kwetu wanawake, kwenye meza ndefu, tukaokota punje nyeusi, zilizovunjika, zilizoliwa na wadudu na vijiwe. Mwenyekiti alikaa kichwani mwa meza na mimi nilikaa mkabala naye. Hakuwa bosi wa mtu. Alikuwa mchambuaji kama sisi, isipokuwa yeye alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi, na alikuwa mwenyekiti kwa muda mrefu hata jina lake la ubatizo likasahaulika. Meneja alimwita Mwenyekiti. Muuza vitumbua wa pale getini alimwita Mwenyekiti. Nadhani hata wanawe walipopiga simu kutoka Mwanza walimwita hivyo.

Mimi aliniita Mlutheri. Yeye alikuwa Mkatoliki, na kwake hiyo ilikuwa habari ya kutosha juu yangu. "Mlutheri, umeacha nyeusi," angesema bila kuinua macho, na kweli pale mbele yangu kungekuwa na punje nyeusi. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea na mgonjwa. Hotuba hakuzipenda. Viongozi wa chama wa mkoa walipokuja na kofia zao kutuambia umoja ni nguvu, yeye alikaa nyuma akijikuna kiwiko. Maneno yake alikuwa nayo mwenyewe. "Mtu mmoja ni ombi," alisema, "watu wote ni dai." Na jingine: "Meneja haogopi kelele. Kelele anazo kwenye mashine. Anaogopa kimya."

Hilo la kimya nililiona kwa macho yangu. Vumbi la kahawa linaingia kifuani na halitoki, na wanawake walikuwa wakikohoa mpaka wanashika meza. Tuliomba barakoa tukaambiwa bajeti haijaruhusu. Wengine wakataka tugome. Mwenyekiti akasema hapana, fanyeni kazi vizuri kuliko jana, ila meneja akiwasalimu msiitikie. Basi. Meneja huyo alikuwa mtoto wa hapa hapa, Mhaya wa kuzaliwa na kulelewa, na mtu wa kwetu unaweza kumnyima vingi lakini salamu hawezi kuikosa akaishi. Alifika akatusalimu kwa Kihaya, "Wasibota, bamawe," na chumba kizima kikainama kwenye kahawa. Siku ya pili akajaribu Kiswahili. Siku ya tatu akajaribu kwa mmoja mmoja, kwa majina, akamwendea hata mama mmoja waliyetoka naye kijiji kimoja, na yule mama machozi yakamtoka lakini mdomo hakufungua. Meneja aliacha kupita kwenye chumba chetu. Akawa anazunguka nje, kwenye mvua, kwenda ofisini kwake. Hazikupita siku nyingi barakoa zikaja kwenye maboksi, na Mwenyekiti akawa wa kwanza kuitikia, tena kwa heshima zote: "Kasinge, waitu." Kama vile hakuna kilichotokea.

Vivyo hivyo tulipata mikataba ya msimu, iliyoandikwa na kusainiwa, sisi tuliokuwa tukiitwa na kufukuzwa kama kuku. Mjamzito alipata kukaa kwenye kiti chenye mgongo. Mambo madogo, mtu wa ofisini atacheka. Lakini hayakuwepo, yeye akaja, yakawepo, na yaliwezekana kwa sababu moja tu, kwamba kwenye meza ile hakukuwa na hata mmoja aliyebaki nje ya tawi.

Na hapo ndipo penye kahawa.

Kahawa ya kutafuna kila mtu wa Kagera anaijua. Inachumwa kabla haijaiva, inachemshwa na majani yenye harufu, inakaushwa, na mgeni akifika unampa kabla hujamuuliza kilichomleta. Wazee wa zamani walifanya nayo jambo zito zaidi. Ndani ya tunda moja mna punje mbili zimelaliana. Wawili waliotaka kuwa ndugu walilipasua, kila mmoja akatafuna punje yake ikiwa na tone la damu ya mwenzake, na tangu siku hiyo hakuna wa kumdhuru mwenziwe wala wa kumwacha kwenye shida. Huo ndio omukago. Mwenyekiti aliiacha damu akabaki na kahawa. Mfanyakazi mpya akishajaza fomu ya chama, Mwenyekiti alichomoa kikopo alichokifunga kwenye pindo la kanga, akatoa tunda, akalipasua kwa meno, punje moja akaweka kwenye kiganja cha mgeni na nyingine mdomoni mwake. Wakatafuna wakitazamana. Mabinti waliomaliza sekondari walichukulia mchezo, wakapigana picha za simu wakikunja uso kwa uchungu wake. Lakini baada ya hapo ukiwaambia neno baya juu ya mwenzao wa mezani, waliona aibu kulisikiliza. Mimi nilitafuna, na Ulutheri wangu haukunizuia.

Fomu yenyewe hakuijali sana. "Fomu ni ya ofisi ya mkoa," alisema. "Kahawa ni yetu."

Nisimfanye malaika lakini. Alikuwa mgumu, na ugumu wake ulikuwa na makali. Kwenye tawi lake aliweka katazo: asiyekuwa mwanachama, msiba wake hauendwi, na mwanachama atakayekwenda, naye ametoka kwenye tawi. Anayesoma haya kutoka mbali anaweza kuona ni jambo dogo. Huku kwetu mtu anavumilia njaa, anavumilia kesi ya kibanja chake cha migomba mahakamani mpaka anazeeka nayo, lakini hakuna anayevumilia wazo la kuzikwa na watu wachache. Ukifiwa, watu wanakuja na mikungu ya ndizi, wanakuja na kuni, wanalala kwako, wanachimba, wanabeba. Vijijini kila mtu yumo kwenye chama cha kufa na kuzikana, na asiyeshiriki hutengwa. Sisi wa mjini wengi tulishaacha kushiriki kule kwetu, kwa hiyo watu wetu walikuwa tawi. Mwanachama akifiwa, Mwenyekiti alikodi lori, tukapanda na masufuria yetu, hata kama ni ndani kabisa ya Muleba. Silaha ya kijiji aliichukua akaileta kiwandani.

Meneja alibandika tangazo ukutani kwamba sheria ya kazi hairuhusu mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Mwenyekiti alilisoma lote, kidole chini ya maneno.

"Ni kweli," alisema. "Sheria imesema mtu asilazimishwe kujiunga. Haijasema mimi nilazimishwe kwenda kumzika."

Ukitaka kucheka, cheka hapa. Mwanamke huyo huyo alipigana na jumuiya ndogo ndogo ya kanisa lake kule Miembeni alikopanga chumba. Wakatoliki wana jumuiya za kusali nyumba kwa nyumba, na asiyehudhuria hutishiwa kwamba siku yake ikifika hakuna atakayeongoza sala. Mwenyekiti hakwenda. Mzee wa jumuiya alimfuata kumwonya, akajibiwa mlangoni, "Mimi silazimishwi kusali. Mungu si msimamizi wa zamu." Akanisimulia mwenyewe, amejaa furaha. Nikamwambia, "Mwenyekiti, lakini hilo si ndilo unalotufanyia sisi?" Mikono yake ilisimama juu ya kahawa. Kwa miaka yote niliyokaa mbele yake sikuwahi kuiona ikisimama.

"Chambua kahawa, Mlutheri," alisema.

Tena, huyu aliyetukusanya sote hakuwa na rafiki. Chumbani kwake sikuwahi kukaribishwa, wala sijui aliyekaribishwa. Kwenye kibanja chake cha Nshamba, alichoachiwa na marehemu mumewe, alikwenda peke yake siku za mapumziko akapalilia migomba kimya, akarudi kimya. Nilipomuuliza kwa nini hataki wageni alisema watu wote anaowahitaji yuko nao kazini. Nilimwonea huruma, halafu nikakumbuka ndizi zangu, huruma ikaisha.

Sasa nimseme Koku.

Koku alikuja kiwandani akiwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Alikuwa ameokoka, anasali kwenye kanisa dogo la mabati huko njiani kuelekea uwanja wa ndege. Siku ya kwanza tu aliomba fomu ya chama mwenyewe, akajaza mbele yetu, akasaini. Nilifurahi, nikadhani yamekwisha. Mwenyekiti akachomoa kikopo, akapasua tunda, akanyoosha mkono. Koku akaficha wake nyuma.

"Mama, nisamehe. Hiki ni kiapo. Mimi nilishaapa kwa Yesu, siwezi kuapa tena."

"Si kiapo. Ni kahawa."

"Kama ni kahawa tu, mama, basi niache nisiitafune."

Mwenyekiti alisimama na ile punje mkononi, na nyingine tayari iko mdomoni mwake. Akaitema. Akachukua fomu ya Koku akaikunja, akaiweka mfukoni, na haikufika mkoani.

Nilimfuata jioni yake. Nikamwambia huyu mtu ameshasaini, anataka kuwa wetu, tunamzuia sisi wenyewe, ni wazimu gani huu? Hakukasirika. Alinieleza taratibu, kama anavyomweleza mtu mpya jinsi ya kutofautisha punje iliyoungua na iliyooza.

"Leo anachagua cha kutafuna. Kesho atachagua siku ya kunyamaza na siku ya kumwitikia meneja. Mlutheri, mimi sina bunduki wala hela. Nina hili tu, kwamba kila mtu amefanya alichofanya mwenzake."

Naapa kwamba hata leo sijui kama alikuwa na akili au hana. Najua tu kilichofuata. Sheria ni kwamba pahala ambapo wengi ni wanachama, hata asiyejiunga anakatwa ada kwenye mshahara, kwa kuwa chama kinamsemea naye. Kwa hiyo Koku alikatwa kama sisi, akavaa barakoa kama sisi, na mchana alikaa kwenye ngazi za ghala na bakuli lake akala peke yake, ameupa ukuta uso. Siku zile ndizo nilizolichukia sinia letu kuliko zote.

Mume wa Koku alikuwa anaumwa figo. Alikufa wakati mimi niko Mwanza, binti yangu alikuwa anajifungua na nilikuwa nimeomba ruhusa, kwa hiyo msinihesabu kwa waliokwenda wala kwa waliokataa. Ninayoyasema nimeyapata kwa Koku mwenyewe na kwa wenzangu wa mezani.

Walikuwa wanamzika kwao, kwenye kibanja kilicho mbele ya Nshamba, bondeni. Alikuwa ameishi mjini muda mrefu na chama cha kuzikana cha kijiji alishakiacha, kwa hiyo wanakijiji walifunga milango yao. Tumaini la Koku lilikuwa ni sisi, pamoja na yote. Alituma ujumbe kwa simu kwa kila aliyekuwa na namba yake. Asubuhi Mwenyekiti akasimama kichwani mwa meza akasema maneno machache tu, "Nimesikia msiba. Katazo mnalijua. Hakuna anayekwenda." Wakainama, wakachambua.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha. Gari lililobeba jeneza lilikwama barabarani juu, na kutoka pale ilibidi libebwe kwa mabega kushuka bondeni kwenye utelezi. Walikuwepo mchungaji, kaka wawili wa marehemu, mmoja wao mzee, na waumini wachache, wengi akina mama. Walinyanyua wakashusha, wakanyanyua wakashusha. Koku aliniambia hapo ndipo alipoanza kumlaumu Mungu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya muda wote wa ugonjwa.

Ndipo bodaboda ikafika, na nyuma yake kuna mwanamke aliyelowa chapachapa, amepakata mkungu wa ndizi. Mwenyekiti alishuka, akaweka mkungu kwenye nyasi, akavua viatu. Hakumsalimu mtu. Kwetu mwanamke habebi jeneza. Alikwenda upande uliokuwa unalegea, upande wa yule kaka mzee, akaingiza bega lake chini, akasema, "Twende." Walishuka naye hadi chini. Walipomaliza kufukia, Koku alimwendea akataka kupiga magoti kumshukuru.

"Usinishukuru," Mwenyekiti alimwambia. "Bado sijakusamehe."

Akapanda bodaboda yake akarudi mjini.

Siri ya namna hiyo haikai Bukoba. Dereva wa bodaboda alikuwa na dada yake kwenye kiwanda chetu, na kesho yake asubuhi meza nzima ilikuwa inajua. Nilipotoka Mwanza nilikuta watu wanachambua bila kuongea, na kimya kile hakikuwa kile cha kumkomesha meneja. Kila mtu alikuwa anajiuliza, kama yeye alikwenda, sisi tulibaki kwa ajili ya nini? Kuna waliolia. Kuna waliokasirika kweli, hasa wale waliokuwa wakimpenda Koku na wakajizuia.

Kikao kiliitwa uani, tukakaa juu ya magunia matupu. Mwenyekiti alivaa gomesi yake ya sherehe. Hakumngoja mtu kuanza.

"Katazo linasemaje?"

Watu wakatazama magunia waliyokalia.

"Nimeuliza. Linasemaje?"

Jeni, katibu wake, alisema, "Linasema atakayekwenda ametoka."

"Mimi nilikwenda."

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mama mmoja akasema, Mwenyekiti, wewe ulikwenda kwa huruma, hilo halihesabiki. Mwingine akasema tulifute katazo sasa hivi, yaishe. Mimi nilisimama nikasema hilo hilo, kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa, nikasema katazo lilikuwa la kishenzi tangu mwanzo na yeye mwenyewe ameonyesha hivyo kwa miguu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mkilifuta leo, mtakuwa mmelifuta kwa ajili yangu," alisema. "Kwa ajili ya Koku hamkulifuta. Huruma haimo kwenye katazo. Anayeona nimetoka ainue mkono."

Akainua wake.

Alisimama pale na mkono juu, amevaa gomesi ya sherehe, na kwa muda mkono ulikuwa mmoja. Halafu Jeni akainua. Halafu wengine, mmoja mmoja, halafu karibu wote. Nimefikiria sana kwa nini. Hawakumchukia. Wengi walikuwa wanafuta machozi kwa mkono wa pili. Waliinua kwa sababu kwa miaka yote hiyo mkono wake ulipoinuka na yao iliinuka, na hakuwa amewafundisha kitu kingine cha kufanya. Mimi wangu niliukalia. Mkuki kwa nguruwe, husema watu, na hapo nguruwe na mwenye mkuki walikuwa mtu mmoja.

Alimalizia msimu ule akichambua kichwani mwa meza kama kawaida na kula kwenye ngazi za ghala, mbali kidogo na Koku. Hawakuongea. Msimu ulipoisha alifunga mizigo yake akaenda Nshamba, na hakurudi.

Baada yake tawi lilikufa polepole, na kila mtu alikuwa na sababu yake nzuri. Jeni alipewa uenyekiti. Alikuwa mwema. Sinia alilipeleka nyumbani kwake likawa la kuanikia dagaa. Alichukua fomu mpya, akamwandikisha Koku bila kahawa, mambo yakaonekana yanapendeza. Kisha mmoja akaandika barua ya kujitoa kwa sababu vikao vinamchosha, na sheria inamruhusu. Mwingine akaona mwenzake amejitoa na hajafanywa chochote. Mwingine akaahidiwa usimamizi. Meneja naye akaanza kuchukua vibarua kupitia wakala, watu wa kuitwa kwa siku, ambao tawi hawalijui na tawi haliwajui. Barakoa sasa kila mtu anajinunulia, na wengi hawanunui. Mjamzito mmoja mwaka jana alisimama mpaka akaanguka. Wa mwisho kushikilia walikuwa wachache, mimi, Jeni na Koku tukiwemo, na Koku alikuwa anashikilia kuliko sisi. Msimu uliopita tukaambiwa hatutoshi kuitwa tawi, likafungwa.

Wapo watakaosema ndivyo inavyotakiwa, kila mtu na uhuru wake. Mimi sikatai. Nilimpinga Mwenyekiti mbele ya watu na ningempinga tena. Lakini ninapokohoa asubuhi nakosa mtu wa kumlaumu, na hilo linaniudhi kuliko alivyoniudhi yeye.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake. Nilikuwa nimesikia anaumwa, na niliona si haki aendelee kuishi bila kujua kwamba tawi halipo. Niliipanga sentensi yangu tangu Bukoba. Niliposhuka Nshamba nikachukua bodaboda hadi kwenye kibanja chake, na sentensi ilikuwa bado iko sawasawa mdomoni.

Nilimkuta ukumbini, amekaa juu ya mkeka, mgongo kwenye ukuta. Alikuwa amepungua mpaka mabega yametokeza kwenye gauni. Kila baada ya maneno machache alipumzika.

"Mlutheri," alisema. "Umenenepa."

"Nakula peke yangu siku hizi."

Alicheka, kicheko kikawa kikohozi, na nikamshikilia mpaka kikapita. Aliniambia daktari wa Bukoba amempiga picha. "Mapafu yamekwisha. Hakuna cha kuficha." Niliuliza nani anamwangalia. Jirani mmoja humletea maji. Binti yake hupiga simu. Chama cha kuzikana cha kijiji alishakiacha zamani alipohamia mjini, na jumuiya ya kanisa, nilijua habari yake. Nilitazama ukumbi ule mtupu, nyasi safi zimetandikwa chini kwa ajili ya wageni wasiokuja, nikaona wazi ni nani atakayekuwepo siku yake. Uchungu ulinipanda mpaka nikataka kugombana naye.

"Nirudi nikawaambie wakuondolee katazo," nilisema. Nilijisikia nikiyasema, na ndipo nikajua kwamba ile sentensi yangu imenishinda.

"Hapana. Katazo niliweka mimi. Mkinivunjia mimi peke yangu, basi kumbe lilikuwa la wengine."

"Lakini ulikwenda kwa Koku. Unakubali kwamba ulikuwa sahihi kwenda?"

Nje mvua ilikuwa inaanza kugonga majani ya migomba.

"Kwenda nilikuwa sahihi," alisema. "Kosa langu si kwenda. Kosa langu ni kwamba nilikwenda peke yangu. Niliamka asubuhi nikajua naenda, nikasimama mbele ya wenzako nikawaambia wasiende. Ningesema, jamani, nimekosea, pandeni lori twende wote, tawi lisingetikisika na yule mwanamke asingelia. Niliona aibu kubadilika mbele ya watu." Alifuta midomo. "Tawi bado ni zima? Wapo?"

"Wapo," nilisema.

"Koku?"

"Yupo. Anashikilia kuliko sisi."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, na sikuwahi kumwona ameridhika namna ile.

"Basi waambie hivi. Wakikaa wakaamua wenyewe, si kwa kuniombea, wakaona katazo lilikuwa baya kwa kila mtu, waje wanizike. Lakini waje wote. Asije mmoja kwa kujificha kwenye bodaboda. Hata wewe. Kama si wote, Mlutheri, usije. Nisingependa kukuona pale peke yako unahangaika na upande mmoja wa jeneza."

Aliushika mkono wangu, na vidole vyake vilikuwa bado na nguvu za kuchambua.

"Tutakuja wote, Mwenyekiti," nilimwambia.

Aliniamini. Alifumba macho akaegemea ukuta, nami nikachukua mwavuli wangu nikatoka haraka kwenye mvua, nisije nikaulizwa tena.